Fonti za mfumo zinapogoma kubadilika katika Windows XP na Windows 7

Windows XP ilitoka mwaka 2001 na Windows 7 mwaka 2009. Microsoft iliacha kuihudumia ya kwanza Aprili 2014 na ya pili Januari 2020, lakini kompyuta zinazoziendesha bado zinachapa barua katika maduka ya stesheneri, bado zinatumika katika maabara za shule, na bado zimo majumbani mwa watu ambao hawaoni sababu ya kutupa chombo kinachofanya kazi. Wenye kompyuta hizo hutaka kubadilisha fonti za mfumo kwa sababu zinazoeleweka: macho yamepungua nguvu, skrini ya zamani imebadilishwa kwa nyingine, au herufi zilizokuja na mfumo haziwapendezi. Kinachowakwamisha mara nyingi ni kudhani kwamba mfumo una fonti moja ambayo ukiibadilisha basi kazi imekwisha. Herufi zinazoonekana kwenye skrini hutoka katika matabaka kadhaa yasiyoulizana, na kila dalili itakayotajwa hapa chini hueleweka pale tu mtu anapojua kwamba herufi zilizogoma ni za tabaka lipi.

Matabaka yenyewe

Tabaka la kwanza ni la mtumiaji mmoja mmoja. Windows humhifadhia kila mwenye akaunti fonti sita: ya kichwa cha dirisha, ya kichwa kidogo cha madirisha ya zana, ya menyu, ya ujumbe, ya upau wa chini wa dirisha pamoja na vidokezo vya njano, na ya majina ya aikoni. Zote zimo katika rejista, yaani hazina ya mipangilio ya Windows, kwenye ufunguo HKEY_CURRENT_USER\Control Panel\Desktop\WindowMetrics, kwa majina ya CaptionFont, SmCaptionFont, MenuFont, MessageFont, StatusFont na IconFont. Thamani zake zimeandikwa kwa tarakimu za kimashine, kwa hiyo hazifai kuhaririwa kwa mkono. Kuna dirisha maalumu la kuzibadilisha, nalo litaelezwa.

Tabaka la pili ni la kompyuta nzima. Programu nyingi haziombi Tahoma wala Arial kwa jina, bali huomba fonti iitwayo MS Shell Dlg au MS Shell Dlg 2. Hayo ni majina matupu yasiyo na faili lolote nyuma yake. Windows hutazama katika ufunguo HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\FontSubstitutes ili kujua jina hilo lisimamiwe na fonti ipi, na katika XP na 7 jibu la kawaida ni Microsoft Sans Serif kwa jina la kwanza na Tahoma kwa la pili.

Tabaka la tatu limo ndani ya mandhari yenyewe (theme, yaani sura ya jumla ya mfumo), katika faili lenye kiambishi cha .msstyles. Humo ndimo ilimoandikwa fonti ya menyu ya Start, ya paneli ya kando ya folda na ya vichwa vya Control Panel. Tabaka la nne ni masalia ya miaka ya 1990: fonti za nukta zenye kiambishi cha .FON, kama System, Fixedsys na MS Sans Serif, ambazo bado huitwa na programu kongwe za uhasibu au za maktaba na ambazo hazikui wala hazipungui kwa hiari ya mtumiaji. Juu ya yote hayo kuna programu zinazojichagulia fonti zenyewe, kama vivinjari na Microsoft Word, na hizo mipangilio ya mfumo haiziamrishi.

Kabla ya kugusa chochote

Tengeneza alama ya urejeshaji kwa System Restore, zana ya Windows ya kuurudisha mfumo ulivyokuwa, kisha fungua regedit, programu ya kuhariri rejista, uchague ufunguo wa Fonts (ulio chini ya CurrentVersion pamoja na FontSubstitutes) na ule wa FontSubstitutes, na kuhifadhi nakala ya kila mmoja kwa amri ya Export iliyo kwenye menyu ya File. Weka nakala hizo kwenye flashi. Kosa katika tabaka la kwanza humsumbua mtumiaji mmoja tu, lakini kosa katika tabaka la pili humkuta kila anayeingia kwenye kompyuta hiyo, pamoja na fundi atakayeitwa kuirekebisha.

Dalili: herufi nyingine zimebadilika, nyingine zimebaki vilevile

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote. Hatua ya kwanza ni kuangalia kwa makini ni herufi zipi zilizobaki, bila kurudia kubofya yaleyale kwa matumaini kwamba safari hii yatakubali.

Ikiwa zilizobaki ni za menyu, majina ya aikoni au vichwa vya madirisha, basi tatizo ni la tabaka la kwanza, na sababu yake kwa kawaida ni kwamba mtumiaji alibadilisha kipengele kimoja akadhani vingine vitafuata. Katika Windows 7, bofya kulia kwenye eneokazi, chagua Personalize, kisha Window Color, kisha Advanced appearance settings. Katika XP, bofya kulia kwenye eneokazi, chagua Properties, ufungue kichupo cha Appearance na kubonyeza Advanced. Dirisha linalofunguka lina orodha iitwayo Item. Ndani yake vipengele vyenye maandishi ni Active Title Bar, Icon, Menu, Message Box, Palette Title, Selected Items na ToolTip, na karibu kila kimoja hupangiwa fonti yake peke yake. Anayetaka mfumo mzima uwe na sura moja hana budi kuvipitia vyote. Mwenye Windows 7 ya toleo la Starter, lililokuja na kompyuta ndogo nyingi za bei nafuu, hataikuta Personalize kabisa, kwa sababu toleo hilo lilinyimwa sehemu hiyo tangu mwanzo.

Ikiwa menyu na vichwa vimebadilika lakini vidirisha vya programu fulani vimebaki na herufi za zamani, hilo ni tabaka la pili. Fungua ufunguo wa FontSubstitutes, bofya mara mbili jina la MS Shell Dlg, andika jina la fonti unayoitaka, fanya hivyo pia kwa MS Shell Dlg 2, kisha washa kompyuta upya. Jina linaloandikwa ni lile la ukoo wa fonti kama linavyoonekana katika orodha ya Word, wala si jina la faili: andika Trebuchet MS, usiandike trebuc.ttf. Wengi hukwama hapohapo.

Ikiwa kilichogoma ni menyu ya Start, paneli za folda na vichwa vya Control Panel katika Windows 7, basi mandhari ya Aero, iliyo ya kawaida katika mfumo huo, ndiyo iliyoshikilia. Fonti yake ni Segoe UI, na jina hilo limeandikwa ndani ya mandhari kiasi kwamba hakuna dirisha lolote la mipangilio linaloweza kulifikia. Njia iliyobaki ni kuuficha mfumo faili halisi za Segoe UI, kisha kuuambia kwamba jina hilo sasa linasimamiwa na fonti nyingine. Mtu anayeongeza jina la Segoe UI katika FontSubstitutes bila kuziondoa kwanza faili halisi kwenye orodha ya Fonts hataona mabadiliko, kwa kuwa fonti halisi ikiwapo, mbadala haitafutwi. Fungua Notepad na uandike hivi:

Windows Registry Editor Version 5.00

[HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Fonts]
"Segoe UI (TrueType)"=""
"Segoe UI Bold (TrueType)"=""
"Segoe UI Italic (TrueType)"=""
"Segoe UI Bold Italic (TrueType)"=""
"Segoe UI Light (TrueType)"=""
"Segoe UI Semibold (TrueType)"=""

[HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\FontSubstitutes]
"Segoe UI"="Tahoma"

Hifadhi faili kwa kiambishi cha .reg, libofye mara mbili, kubali maonyo, kisha washa kompyuta upya. Usiiguse Segoe UI Symbol, kwa sababu mfumo huitegemea kwa alama ambazo fonti za kawaida hazina.

Katika XP hali ni tofauti kidogo. Mandhari ya Luna, iliyo ya kawaida katika XP, hutumia fonti tatu, yaani Tahoma kwa sehemu kubwa, Trebuchet MS kwa vichwa vya madirisha na Franklin Gothic Medium kwa jina la mtumiaji lililo juu ya menyu ya Start, na kuziwinda moja moja ni kazi isiyo na faida. Ushauri wangu kwa mwenye XP ni kuhamia mandhari ya Windows Classic, ambayo haina faili la .msstyles na kwa hiyo hutii mipangilio ya tabaka la kwanza karibu kila mahali. Haina urembo, lakini humwondolea mtu nusu ya matatizo yaliyomo katika makala haya.

Dalili: faili la rejista limekubaliwa, lakini hakuna kilichobadilika

Kwanza hakikisha kwamba kompyuta imewashwa upya, si kufungwa akaunti tu, kwa sababu orodha ya fonti husomwa mfumo unapoanza. Pili, angalia jina kamili la faili lako. Windows huficha viambishi vya faili, na Notepad hupenda kuongeza chake, hivyo faili linaloonekana kuitwa fonti.reg huenda kwa kweli ni fonti.reg.txt, na ukilibofya litafunguka Notepad badala ya kuingia kwenye rejista. Unapohifadhi, chagua All Files katika orodha ya Save as type. Tatu, mstari wa kwanza lazima uwe ule wa Windows Registry Editor Version 5.00 bila nyongeza yoyote, ukifuatwa na mstari mtupu. Nne, alama za kunukuu ziwe zile zilizonyooka. Ukinakili maandishi kutoka Word, alama hugeuka kuwa za kupinda, na mistari husika haisomwi.

Yote hayo yakiwa sawa na bado hakuna mabadiliko, mshuku kashe ya fonti. Windows huhifadhi muhtasari wa fonti zilizosakinishwa katika faili FNTCACHE.DAT lililo ndani ya C:\Windows\System32. Lifute ukiwa na haki za msimamizi, kisha washa upya, na mfumo utalitengeneza jipya wenyewe.

Dalili: sehemu ya kuchagua fonti imefifia na haibonyezeki

Hakuna kilichoharibika. Kipengele kilichochaguliwa kwenye orodha ya Item, kwa kawaida Desktop, hakina maandishi ya kupangiwa fonti. Chagua Menu au Icon na sehemu hiyo itafunguka.

Dalili: fonti mpya inakataa kusakinishwa

Angalia kwanza kama faili lililopakuliwa bado limo ndani ya folda iliyobanwa ya zip, na kama kiambishi chake ni .ttf au .otf. Faili za .woff zimetengenezwa kwa ajili ya kurasa za wavuti na Windows haizisakinishi. Katika Windows 7 usakinishaji wa fonti huhitaji haki za msimamizi, hivyo mwenye akaunti ya kawaida ataombwa nywila asiyokuwa nayo.

Kuna sababu nyingine inayowashangaza hata mafundi. Windows 7 inaweza kudai kwamba faili si fonti halali, ilhali faili hilohilo linakubalika kwenye kompyuta ya jirani, na chanzo kikawa huduma ya Windows Firewall iliyozimwa kabisa katika services.msc, dirisha la kusimamia huduma za Windows. Haionekani mara moja ukuta wa moto unahusiana vipi na herufi, lakini ndivyo mfumo ulivyounganishwa. Iwashe huduma hiyo, sakinisha fonti, kisha uamue mwenyewe kama utaizima tena. Kuzima ulinzi kwa njia ya kawaida katika Control Panel hakuleti tatizo hili. Kinacholeta ni kusimamisha huduma yenyewe, jambo ambalo hufanywa sana na watu wanaotafuta kuipa wepesi kompyuta iliyochoka.

Hapa inafaa neno kuhusu usalama, maana fonti si picha tu. Katika mifumo hii faili la fonti husomwa ndani kabisa ya kiini cha Windows, na lililotungwa kwa nia mbaya linaweza kumpa mgeni mamlaka ya kompyuta nzima. Programu haribifu iliyoitwa Duqu iliingia kwa mlango huo mwaka 2011, kwa fonti ya TrueType iliyofichwa ndani ya waraka wa Word, na Microsoft ilitoa kiraka Desemba mwaka huohuo. Kasoro nyingine ya fonti ilizibwa Julai 2015, wakati ambapo XP ilikuwa imekwisha kuachwa. Kwa hiyo mkusanyiko wa fonti elfu moja unaopitishwa kwa flashi kutoka duka moja la kadi za harusi hadi jingine haufai kumwagwa wote kwenye kompyuta ya XP. Chukua unazozihitaji, tena kutoka mahali panapojulikana. Wingi wa fonti huchelewesha pia kuwaka kwa mfumo na kufunguka kwa Word, na tiba yake ni kuziondoa tu.

Dalili: menyu zimegeuka alama zisizosomeka

Ikiwa menyu zote zimejaa mikono, nyota na bahasha, mtu amechagua Wingdings au fonti nyingine ya alama. Tatizo ni jepesi, ila mwenye kulirekebisha hawezi kusoma anachobofya. Katika Windows 7 bofya kulia kwenye eneokazi, chagua kipengele cha mwisho cha menyu, na katika dirisha litakalofunguka bofya picha yoyote ya mandhari zilizokuja na mfumo. Mandhari hurudisha fonti zake bila kuhitaji kusoma neno. Katika XP kipengele cha mwisho cha menyu hiyo ni Properties, na kichupo cha kwanza cha dirisha lake ndicho cha mandhari. Chagua mandhari nyingine kwa vishale vya kibodi, kisha bonyeza Enter.

Dalili ya pili ya aina hii ina alama yake mahususi. Kwenye kona ya juu ya kulia ya kila dirisha, mahali pa vitufe vya kushusha, kukuza na kufunga, panaonekana tarakimu 0, tarakimu 1 na herufi r. Mwenye kompyuta hudhani ni kirusi. Ukweli ni kwamba katika mandhari ya Classic vitufe hivyo havichorwi kama picha. Ni herufi za fonti iitwayo Marlett, ambayo kwenye nafasi ya 0 imeweka kistari cha kushusha, kwenye 1 mraba wa kukuza, na kwenye r msalaba wa kufunga. Fonti hiyo ikipotea au ikiharibika, Windows huchora herufi zilezile kwa fonti ya kawaida, na siri hutoka nje. Hutokea hasa baada ya mtu kufuta fonti asizozitambua ili kupunguza mzigo. Nakili faili la marlett.ttf kutoka kompyuta nyingine yenye toleo lilelile la Windows, liweke katika C:\Windows\Fonts, hakikisha kwamba katika ufunguo wa Fonts kuna jina Marlett (TrueType) lenye thamani marlett.ttf, kisha washa upya.

Dalili: maneno yamekatika na vitufe vimetoka nje ya skrini

Kidirisha cha programu ya zamani hupimwa kwa upana wa herufi alizozikusudia mtengenezaji wake. XP hutumia Tahoma ya ukubwa wa 8 na Windows 7 hutumia Segoe UI ya ukubwa wa 9. Ukiweka Verdana, ambayo kwa ukubwa uleule ni pana zaidi, maneno hayatoshi tena kwenye nafasi yaliyopimiwa. Ndiyo sababu mfano uliotolewa hapo juu umetumia Tahoma. Anayeipenda Verdana aipunguze kwa hatua moja.

Kitufe cha OK kikiwa kimefichika chini ya skrini, bonyeza Enter kukubali au Esc kughairi, au tembea kwa Tab. Dirisha lenyewe husogezwa kwa kubonyeza Alt na upau wa nafasi, kisha M, kisha vishale.

Wengi wanaofika hapa walitaka kitu kimoja tu, nacho ni herufi kubwa zaidi. Kwao, kubadilisha fonti ni njia ndefu isiyo ya lazima. Windows 7 ina kiwango cha asilimia 100, 125 na 150 katika sehemu ya Display ya Control Panel, na XP ina chaguo la DPI (nukta kwa inchi) 96 au 120 linalopatikana kwa kufungua kichupo cha Settings, kisha Advanced, kisha General. Njia hii hukuza herufi pamoja na vidirisha, hivyo maneno hayakatiki ovyo. Kwa kiwango cha asilimia 150, Windows 7 huzivuta kama picha programu zisizojua kujipima, nazo huonekana zenye ukungu. Bofya kulia kwenye aikoni ya programu husika, chagua Properties, fungua Compatibility, na weka tiki kwenye kisanduku cha kuzima ukuzaji wa skrini kwa DPI kubwa.

Dalili: herufi zina ukungu au kingo za rangi

Skrini bapa ina idadi moja tu ya pikseli inayoiendana, na ikipangiwa nyingine herufi zote hufifia, uwe umechagua fonti ipi. Anzia hapo. Kisha angalia ClearType, mbinu ya kulainisha kingo inayotumia vijipande vyekundu, kijani na bluu vya kila pikseli. Katika XP huwa imezimwa mpaka uiwashe: fungua kichupo cha Appearance, bonyeza Effects, na katika orodha ya kulainisha kingo za fonti chagua ClearType. Katika Windows 7 huwa imewashwa, na hurekebishwa kwa kuandika cttune kwenye kisanduku cha kutafutia na kuchagua mfano unaosomeka vizuri zaidi. Segoe UI ilichorwa kwa kuitegemea mbinu hiyo, hivyo anayeihamishia XP bila kuiwasha ataona herufi zenye meno. Kwa upande mwingine, kwenye skrini za zamani zenye kisogo ClearType huleta tu kingo zenye rangi, na hapo ni bora kuchagua Standard.

Dalili: fonti hurudi zilivyokuwa kila kompyuta inapowashwa

Katika maabara za shule na intaneti kafe, mshuku Deep Freeze au programu inayofanana nayo. Kazi yake ni kurudisha diski katika hali iliyogandishwa kila inapowashwa, kwa hiyo fonti zako hupotea pamoja na kila kitu kingine kilichofanywa siku hiyo. Tafuta aikoni ya dubu karibu na saa. Mwenye nywila ndiye anayeweza kuwasha kompyuta ikiwa haijagandishwa, kufanya mabadiliko, na kuigandisha tena.

Kwenye kompyuta ya ofisi iliyounganishwa na seva, sera za msimamizi wa mtandao huweza kurudisha mandhari kila mtu anapoingia, na hapo hakuna la kufanya isipokuwa kuzungumza naye. Nyumbani, sababu huwa ndogo zaidi: mtumiaji alipanga fonti, kisha akabofya mandhari mpya kwa ajili ya picha yake nzuri, nayo ikaja na fonti zake. Katika Windows 7, baada ya kupanga fonti bofya Save theme na uipe mandhari yako jina, ili uirudie wakati wowote.

Dalili: majina ya faili kwa herufi za Kiarabu hayasomeki

Wapo Unguja, Lamu na Maskati wanaohifadhi kasida na nyaraka za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na folda zao zina majina ya hati hiyohiyo. Tahoma, Arial na Microsoft Sans Serif zina herufi hizo; Verdana na Trebuchet MS hazina. Ukibadilisha fonti ya Icon kuwa mojawapo ya hizi mbili, Windows 7 kwa kawaida huazima herufi kutoka fonti nyingine, na majina husomeka ingawa unene wake hauwiani na wa jirani zake. Katika XP, visanduku vitupu au herufi zisizoshikana mara nyingi humaanisha kwamba msaada wa hati hizo haujasakinishwa. Fungua Regional and Language Options katika Control Panel, nenda kichupo cha Languages, na weka tiki kwenye kisanduku cha lugha zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Uwe na CD ya XP karibu kwa kuwa mfumo utaiomba. Fonti za Kiarabu za mapambo pia hukosa mara kwa mara herufi za ziada kama پ na چ, kwa hiyo zijaribu kwenye waraka kabla ya kuzikabidhi majina ya folda.

Kurudisha fonti za asili

Kwa tabaka la kwanza, kubofya mandhari iliyokuja na mfumo kunatosha. Kwa tabaka la pili, bofya mara mbili nakala ulizohifadhi kwenye flashi, ila ukumbuke kwamba nakala hizo hurudisha thamani zilizokuwapo bila kufuta ulizoongeza. Jina la Segoe UI uliloongeza katika FontSubstitutes lifute kwa mkono. Asiyekuwa na nakala atazirudisha katika ufunguo wa Fonts thamani hizi: segoeui.ttf kwa ya kawaida, segoeuib.ttf kwa nzito, segoeuii.ttf kwa ya mlazo, segoeuiz.ttf kwa nzito ya mlazo, segoeuil.ttf kwa Light na seguisb.ttf kwa Semibold.

Mfumo ukikataa kufunguka vizuri, bonyeza F8 kabla ya nembo ya Windows kutokea. Usipoteze muda na Last Known Good Configuration: hiyo hurudisha mipangilio ya vifaa na huduma tu, na fonti zimo katika sehemu nyingine ya rejista isiyoguswa nayo. Katika Windows 7 chagua Repair Your Computer, kisha System Restore. Katika XP chagua Safe Mode, na swali litakalokuja baada ya kuingia lijibu kwa No, kwa sababu jibu hilo ndilo linalofungua System Restore.